L ya Lala

Mwezi uliopita mume wangu alinikokota hadi yadi ya magari huko Mwanza, kwa sababu ameamua, bila kuniuliza, kwamba familia yetu sasa ni ya gari la siti safu tatu: mbele, katikati na nyuma. Njia nzima alikuwa ananisomea kwenye simu. Hili la dizeli linavuta, lile la petroli lina silinda sita. Hili lina gia nane, lile linabadilisha gia hata hujui limebadilisha saa ngapi. Mimi naitikia tu. Tulipofika, kijana wa yadi akanifungulia mlango wa dereva: "Panda mama, jaribu. Otomatiki hii, haina ugomvi." Nikapanda. Nikainamisha macho kwenye mkono wa gia, nikaziona zile herufi zimejipanga, na ya mwisho chini kabisa ni L. Rafiki yangu, sikuugusa. Nikashuka nikasema nina kizunguzungu, mwenye gari lake achague mwenyewe.

Hakikuwa kizunguzungu. Ulikuwa woga, na nausema mapema ili usije ukanishangaa. Watu wanaogopa nyoka, wengine wanaogopa radi. Mimi naogopa herufi moja ya gia, na woga huo niliupatia Bariadi nikiwa mtoto, enzi zile za ruksa, serikali ilipofungulia biashara.

Kama hukuwepo, nikusimulie kidogo. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa ghafla: sabuni za rangi, biskuti za maboksi, mitumba iliyonuka dawa ya mende. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao. Baba yangu aliacha ukarani akawa mmoja wao, na kwenye mnada akapata gari kuukuu la dizeli, la siti safu tatu, gia za mkono. Ile safu ya nyuma ilikuwa mabenchi mawili yanayotazamana, na ukikaa pale vumbi lote la wilaya lilikuwa la kwako. Kazi yangu ilikuwa kulijazia maji kwenye rejeta kila asubuhi kabla ya chai, halafu ndipo nipewe michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga. Hadi leo nikisikia harufu ya michembe, na harufu ya dizeli naisikia palepale.

Jirani yetu alikuwa mwenye duka, Mwislamu, mtu wa maneno mengi na roho nyeupe. Sisi watoto tulimwita baba wa dukani. Yeye naye hakutaka kuachwa. Aliagiza lake kutoka Dubai, la siti safu tatu vilevile, jeupe, la petroli na la otomatiki, la kwanza mtaani kwetu. Basi kuanzia hapo jioni zetu zikawa na shughuli. Wanaume wale wawili walikaa kwenye benchi la mbele ya duka, kahawa ya tangawizi mkononi, wanalinganisha.

"Wallahi wewe unaendesha trekta," jirani angeanza. "Mguu wako wa kushoto unafanya kazi ya punda. Klachi, toa, klachi, toa! Langu linafikiri lenyewe."

"Likifikiri vibaya je?" baba angejibu. "Mimi gia naichagua mwenyewe. Mlimani naweka moja, dizeli inavuta polepole, inafika. La kwako lina haraka ya nini?"

Siku moja walishindana kweli kweli kwenye mlima wa njia ya Maswa, mtaa mzima tukitazama. Jirani alimtimulia baba vumbi mpaka katikati ya mlima, halafu gari lake likaanza kupumua moshi mweupe likasimama. Baba akalipita taratibu, mkono dirishani, akapunga. Ugomvi wa siku ile ulichukua wiki nzima na haukupata hakimu, kwa sababu jirani alidai lilisimama kwa kiu tu.

Tatizo lilikuwa kitabu. Gari la jirani lilikuja na kitabu chake kimeandikwa Kijapani, kurasa nzuri zenye picha, hakuna aliyeambulia kitu. Kwa hiyo mtaa ulikaa kikao pale bencheni ukazisoma zile herufi za gia kwa Kiswahili. P, wakasema, ni Pumzika. R ni Rudi. N ni Ngoja. Usicheke, mpaka hapo walipatia! D ikawa Daima: ukishaiweka hapo huitoi tena mpaka ufike. Ile 2 wakasema ni ya abiria wawili, basi mwenye familia haimhusu. Na L, ile ya mwisho chini kabisa, ikawa Lala.

Jirani aliamini. Kila akifunga duka alilipeleka gari uani, akaliweka L, akazima, akaliaga. Na gari lenyewe halikulala vizuri. Mara moja lilijisogeza likagonga pipa la maji, watu wakasema linatembea usingizini, tangu hapo likawa linawekewa mawe. Asubuhi likigoma kuwaka, "bado limelala hilo, liamshe," anapandisha mkono hadi P, linawaka. Ushahidi gani tena unautaka?

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka. Babu yangu alipofariki, sisi watoto tuliambiwa amelala, na nilimwona amelala kweli, pamba puani, na hakuamka. Kwa hiyo kwangu L haikuwa mzaha hata kidogo. Nikitumwa kuchukua kitu ndani ya gari la jirani nilikwenda mikono mgongoni, nisije nikaugusa ule mkono wa gia.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, naye akashikilia kwenda kijijini Nkoma kumsaidia bibi kupalilia pamba. Baba alimkataza. Thubutu! Mama alikwenda. Asubuhi moja ya mvua akaja mtu wa baiskeli, matope hadi magotini, akasema uchungu umemshika tangu jana, mkunga wa kijiji amepapasa amesema mtoto kalala vibaya, apelekwe hospitali upesi. Nilisikia lile neno, kalala, nikamkumbuka babu.

Na gari la baba lilikuwa juu ya mawe. Klachi ilikuwa imeungua, amefunga nyingine mpya ya dukani, feki, nayo ikaungua. Soko huria hilo. Baba alisimama uani ameshika kichwa. Jirani alikuwa ameshasikia. Aliwatoa wateja dukani mmoja mmoja, "tokeni, tokeni, mke wa jirani yangu huyo," akafunga, akawasha. Mimi nilipewa kikapu cha kanga na chupa ya chai, nikasukumwa safu ya nyuma.

Kwenda tulikwenda vizuri. Mto tuliouvuka njiani ulikuwa mchanga mtupu na maji ya kulowanisha tairi tu. Lakini tulipofika, bibi hakumsalimia mtu. Nilipiga magoti nimwamkie, akanipita. Wewe kama umelelewa na Wasukuma unajua: bibi akiacha salamu, mambo yameharibika. Walimleta mama wamemshikilia mabegani. Wakamlaza siti ya katikati, kichwa mapajani kwa bibi. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Nikaogopa kumwita.

Tulipoanza kurudi mvua ilikuwa imeshanyesha huko juu. Tukafika mtoni, maji yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yanasikika. Baba akashuka akapima kwa miguu, akarudi, akasema yanapitika sasa hivi, tukichelewa hayapitiki. Jirani akasema bismillahi, tukaingia. Majini tulipita. Shida ilikuwa ukingo wa ng'ambo, ule udongo mweusi wa mbuga, umelowa, mkali wa kupanda.

Gari lilipanda mpaka nusu. Halafu injini ikabadilisha sauti, ikawa nyepesi, kama imeridhika tumefika, nguvu ikaisha, tukaanza kuteleza kinyumenyume kurudi mtoni. Jirani akakanyaga breki. Akajaribu tena. Nusu, sauti nyepesi, tunarudi. Tena. Harufu ya kuungua ikaja. Mimi nilikuwa natazama nyuma, kwa hiyo mto niliuona mimi peke yangu, nao ulikuwa umesogea.

"Usilale, mayu, mama," bibi alikuwa anamwambia mama, anampiga shavuni polepole. "Usilale. Nitazame. Usilale."

"Weka gia moja!" baba akapiga kelele.

"Hakuna moja! Hili halina moja!"

"Gari gani halina moja? Namba mbili ipo?"

"Ipo, ya abiria wawili!"

Baba akauinamia mkono wa gia. Niligeuka nikamwona kwa pembeni, mdomo wazi, macho kwenye zile herufi. Yule mtu aliyekuwa anabishana jioni zote kuhusu gia alikuwa anahesabu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Jirani, penye mbili moja haikosekani. Chini ya mbili kuna nini?"

"Chini kuna Lala."

"Ndiyo hiyo. Shusha."

"Yarabi, nilizime katikati ya mteremko na mkeo humu? Tutarudi mtoni wote!"

"Shusha!"

"Siwezi! Wallahi siwezi!"

Maji yakagusa bampa la nyuma. Niliyasikia chini ya miguu yangu. Bibi bado anasema usilale, usilale, na baba akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha jirani, akausukuma ule mkono wa gia hadi chini. Nilifumba macho. Nilijua sasa tunalala wote, kama babu.

Gari lilinguruma. Sijawahi kusikia lile gari likitoa sauti ile, nzito, ya chini, sawasawa na dizeli ya baba ikiwa na mzigo. Likauma udongo, likasita, likauma tena. Likapanda. Likaendelea kupanda, polepole, mpaka pua yake ikalala sawa barabarani. Jirani alilia kwa sauti, mtu mzima yule. Baba akapiga dashibodi kwa ngumi. Bibi akapiga kigelegele ndani ya gari, nami nikapiga changu, nikageuka kumwangalia mama. Alikuwa macho. Anatazama paa la gari. Nikashukuru kwamba hakulala.

Hospitali walimpasua. Nesi alitoka akatuambia mama yupo. Akasema hivyo tu, yupo, na watu wazima wakaelewa kabla yangu. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia. Jirani aliketi chini pale kwenye varanda akawa anarudia neno moja: "L ndiyo nguvu yake. Nilikuwa nailaza. Ndiyo nguvu yake." Hakuna aliyemlaumu. Mama alipotoka, chakula cha kwanza alichopika alimpelekea yeye, sahani imefunikwa kawa, na Idd iliyofuata pilau lilivuka uzio kuja kwetu kama kawaida.

Gari jeupe liliuzwa msimu huo huo. Baba alitengeneza lake, akaliendesha miaka mingi. Na jioni waliendelea kukaa kwenye benchi wote wawili, kahawa mkononi, wakaongea bei ya pamba, mvua, mpira. Ila injini hawakuzitaja tena mpaka mmoja alipomzika mwenzake. Rafiki yangu, usidhani nalilia utoto kwa sababu ya michembe. Nawalilia wale wanaume wawili wakipigiana kelele kuhusu klachi, jua linazama, na hakuna hata mmoja anayejua bado kwamba jambo hilo lina maana. Duka sasa linauza simu. Benchi halipo. Pale mtoni kuna daraja na lami, unapita bila hata kuacha sentensi uliyokuwa unaongea.

Baada ya ile siku ya yadi nilipanda basi nikaenda kumwona mama. Nilimkuta anamenya karanga. Nikamwambia habari ya gari la mume wangu, akacheka, nikapata ujasiri wa kumuuliza kitu ambacho miaka yote sikuwahi. Nikamwambia: mama, mimi siku ile niliogopa sana L. Wewe, pale mtoni, ulikuwa unaogopa nini?

Akapuliza maganda ya kiganjani.

"Mtoto alikuwa anacheza," akasema. "Tangu alfajiri, mateke tu, nikawa natulia, nasema yupo. Tumepanda mara ya kwanza, anacheza. Mara ya pili, anacheza. Tuliporudi nyuma mara ile ya mwisho, akaacha. Halafu gari likatoka, mkaanza kushangilia. Nikasema moyoni, wacha washangilie kidogo."