Aliyekuwa Akishika Bomba

Mabomba kumi yalikataliwa asubuhi moja, na kitu kilichoyaharibu nilikiuza mimi. Naanza na hilo kwa sababu wanaonijua wangeuliza tu. Biashara yangu ni vifaa vya chuma vilivyotumika: nanunua karakana zinapofungwa, nauza karakana zinapofunguliwa, na mzigo ukishatoka mlangoni kwangu huwa siulilii. Lakini nilipouona mshale wa kipimo cha mkaguzi ukitembea, nilitafuta pa kukaa. Nikakaa kwenye ndoo ya oili bila kuangalia kama ina mfuniko. Haikuwa nao.

Habari yenyewe ni ya dada yangu, ingawa asubuhi ile hakuna aliyekuwa akimfikiria.

Dada amenipita miaka minne. Baba yetu alikuwa mpaka rangi wa majumba, na ngazi yake ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Mimi nilitumwa dukani, maana nilijua kuomba punguzo hata la kipande cha sabuni. Dada alishika ngazi. Aliishika tangu ana miaka minane mpaka siku anaolewa. Juu alikuwa haangalii, rangi ingemwingia machoni. Aliutazama ukuta tu, na viganja vyake vikamwambia baba yuko wapi na anataka kufanya nini. Mtetemo ukibadilika alisema, "Baba, shuka kidogo," na mzee alishuka akinung'unika kwamba anapangiwa kazi na mtoto. Hakuanguka hata mara moja. Mtaani wakamsifu mzee kwamba ana miguu ya paka.

Aliyemwoa ni fundi tunayemwita Kidole. Kazi yake ni kulainisha mabomba ya chuma kwa ndani: silinda za injini, za breki, za jeki za malori, popote ambapo kitu kinatakiwa kupanda na kushuka ndani ya bomba bila kukwaruza wala kuvuja. Kifaa chake tulikiita buibui. Ni fimbo fupi ya chuma yenye miguu mitatu, kila mguu una springi, na kwenye kila mguu limefungwa jiwe jembamba la kunolea, urefu wa kidole. Unambana miguu, unamwingiza ndani ya bomba, unaiwasha drili iliyomshika kwa nyuma. Anazunguka, miguu inajitanua, mawe yanasugua, huku wewe unamvuta na kumsukuma na oili inatiririka. Bomba likitoka hapo, ndani ni laini kama ndani ya shavu.

Kisha ndipo linapokuja lile lililompa jina. Alipangusa bomba kwa kitambaa, akaingiza kidole cha mwisho, akafumba macho. Akitikisa kichwa, bomba linarudi kwa buibui. Akiguna, umepona, nenda na bomba lako. Watu walikuja kutazama mguno tu.

Sasa, buibui akizunguka, bomba nalo linataka kuzunguka naye. Lazima lishikwe. Mwanzoni Kidole hakuwa na uwezo wa kuajiri mtu, basi mkewe akaketi mbele yake kwenye kigoda, akalizungushia bomba kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akalishika kwa viganja viwili. Ikawa ni ya siku chache. Ikapita miaka kumi na tisa. Mteja akiuliza mama huyu anafanya nini hapa, Kidole alijibu kwamba huo ni uzito wa kuzuia bomba lisiruke. Dada naye alijibu bila kuinua macho: "Uzito unaopika." Wote wanacheka. Hata mimi nilicheka, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza swali la pili.

Mwaka juzi kazi zikapungua. Watu siku hizi silinda ikichoka wanatupa, wananunua mpya. Karakana ilibaki kwenye ukingo wa kufungwa, na mimi nilishaanza kupiga hesabu kimoyomoyo ya vilivyomo ndani, maana ningekuwa wa kwanza kuulizwa bei. Ndipo karakana moja ya kutengeneza pampu za visima ikamletea Kidole mabomba matano ya majaribio. Yalikuwa membamba, kuta zake nyembamba kama bati nene. Hajawahi kufanya ya namna ile. Akayafanya, mkewe ameshika. Mkaguzi wao akayapitisha yote. Wakasema wataleta kumi mengine, na hayo yakipita, kazi ni ya mwaka mzima. Kidole alinieleza habari hiyo akiwa amesimama katikati ya barabara, magari yanampigia honi.

Mimi mtu akinipa habari njema huwa nafikiria ninacho kitu gani cha kumuuzia. Nilikuwa na jiliwa, lile koleo zito la kufungwa mezani, lenye mpini wa kukazia, nimelitoa kwenye kiwanda kilichofungwa. Nikampelekea. Nikamwambia, shemeji, umepata kazi ya watu wakubwa na bado bomba lako linashikwa na mama wa nyumbani? Jiliwa haliendi msalani. Halina mafua. Haliombi ruhusa ya kwenda kwenye msiba. Tulivutana tangu mchana mpaka watu wanafunga maduka, akanunua, na nilitoka pale nikijiona mjanja.

Dada alilitazama lile jiliwa, akapitisha kidole kwenye meno yake, akauliza, "Sasa mimi nikae wapi?"

Mumewe akamwambia apumzike, amefanya kazi ya kutosha. Dada hakupumzika. Wiki haikuisha ameshafungua kibanda cha ndoo na mabeseni karibu na kituo cha mabasi, na nikisema wateja walikuwepo sisemi kwa sababu ni dada yangu. Nilipita pale mwenyewe, nikaomba punguzo, nikanyimwa.

Kidole akayafanya mabomba kumi kwa siku mbili. Zamani yangemchukua siku tano. Yalipangwa juu ya meza yanang'aa, ukichungulia unaona jicho lako. Kidole cha mwisho kikaingia katika yote kumi, mguno ukatoka mara kumi.

Jumanne asubuhi akaja mkaguzi wa pampu, binti mmoja mpole, amevaa koti la bluu, na kisanduku mkononi. Alitoa kipimo chenye uso kama wa saa, mshale mmoja, na fimbo inayoingia ndani ya bomba. Akaeleza kwa upole kwamba fimbo ikizungushwa ndani, mshale unatakiwa usimame. Ukisogea, bomba si duara.

Akaingiza kwenye bomba la kwanza, akazungusha. Mshale ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi. La pili vilevile. Alipofika la nne ndipo nilipokalia ile ndoo. Alipofika la kumi, Kidole alikuwa na rangi ya majivu.

Akasema kipimo kibovu. Binti hakubishana. Alifungua begi lake, akatoa bomba moja kati ya yale matano ya majaribio, akaingiza kipimo kilekile. Mshale ukasimama kama umepigwa msumari. Kidole akaomba alipime tena. Likapimwa tena. Akaingiza kidole chake kwenye lile zuri, kisha kwenye bovu, kisha kwenye zuri. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta vyombo vya mtu mwingine.

"Sioni tofauti," alisema. "Yote laini."

"Ni laini kweli, mzee," binti akasema. "Ulaini hauna kasoro. Ila haya kumi yana umbo la yai. Pampu itavuja. Nini kimebadilika?"

Kidole akasema hakuna. Buibui yuleyule, mawe yaleyale, oili ileile, mkono uleule. Akanigeukia mimi shahidi wake, nami nikaapa kwamba hakuna. Jiliwa lilikuwa mbele ya pua yangu. Nililibeba kwa bega langu mwenyewe kuliingiza mle ndani, na bado nikaapa.

Binti akasema anaweza kusubiri mpaka Ijumaa. Mabomba mengine ya ukubwa ule hawana, kwa hiyo yaliyo na chuma cha kutosha yarekebishwe hayahaya. Mshale usiposimama, kazi inakwenda kwa wenye mashine, mji mwingine. Sisi wote tulijua karakana ile bila kazi hiyo ina umri wa mwezi mmoja.

Dada aliingia wakati huo kuchukua kigoda chake. Kule kibandani alikuwa anakalia ndoo na anataka kuiuza. Alisalimia, hakuna aliyeitika, akauliza nani amefariki. Nikamweleza. Akachukua bomba moja kati ya yale kumi, akaliweka katikati ya viganja, akalibonyeza na kuliachia, akalibonyeza na kuliachia, huku anautazama ukuta. Nikamkumbuka ana miaka minane.

"Mlikuwa mnalishikaje?" akauliza.

Kidole alielekeza kidevu kwenye jiliwa.

Akamwambia alifunge bomba humo kama alivyokuwa analifunga. Kidole akalifunga, akakaza mpini. Kisha dada akamgeukia mkaguzi. "Binti, hebu liingize hilo dude lako humohumo, kabla hawajalifungua."

Binti akaingiza, akazungusha. Mshale ulisimama tuli.

Dada akaniambia mimi: "Mdogo wangu, legeza. Si umelileta wewe?"

Nikaushika mpini, nikauzungusha nusu mzunguko. Mshale ulipiga hatua mbele ya macho yetu, bila mtu kuugusa. Nikakaza, ukarudi. Nikalegeza, ukaenda. Nilifanya hivyo mara nne au tano, nikitumaini nimekosea, mpaka dada akaniambia inatosha, tumeelewa.

Binti ndiye aliyelisema kwa maneno. Jiliwa lilikuwa linalibana bomba jembamba mpaka linaingia ndani kidogo, kiasi cha unywele. Buibui analisugua likiwa limebanwa, analifanya duara zuri. Likifunguliwa, chuma kinarudi kwake, na duara linaondoka. Silinda za injini zina kuta nene, zingevumilia. Haya hayavumilii.

"Haya membamba hayataki kubanwa," dada akasema. "Ukibana, mawe yanagoma sehemu mbili, unayasikia hapa." Akagusa katikati ya kiganja. "Nikiyasikia yanagoma nalegeza, nageuza bomba kidogo, nashika tena. Mengine nageuza mara mia."

Nilivitazama viganja vyake kama ninavyotazama chuma ninachotaka kununua. Vilikuwa laini, vinang'aa, mistari imefutika. Miaka yote nakula mezani kwake, sijawahi kuvikagua.

Kidole alikuwa bado ameduwaa. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilidhani unajua," alisema. "Nilidhani ndiyo kazi yenyewe."

Hapo nikaingilia kwa kazi yangu: nikaanza kupatanisha. Nikasema basi kigoda kibaki, dada arudi, na vibeseni nitamtafutia mtu wa kumuuzia. Dada akaniambia ninyamaze, mimi nimeshauza vya kutosha. Akasema kibanda hafungi. Atakuja asubuhi tu, na saa nne juu ya alama anaondoka, liwe bomba limeisha au halijaisha. Kidole akakubali kabla hajamaliza.

"Bado," dada akasema. "Kwanza wewe utashika. Mimi nitaendesha drili."

Kidole alimtazama mkaguzi, akanitazama mimi. Mimi nimewahi kumshawishi mtu kununua lori lisilo na gia ya nyuma, lakini pale nilimsogezea kigoda tu. Akakaa kwenye kigoda, magoti yakafika masikioni. Dada akalifungua bomba kutoka kwenye jiliwa, akalizungushia mpira, akampa. Akamwingiza buibui, akaiwasha drili. Alikuwa ameitazama kwa miaka kumi na tisa, mkono wake haukusita.

Kidole alishika kama mtu anayezuia mwizi. Mawe yakaguguma, bomba likamtikisa mpaka mabega.

"Legeza," dada akasema.

Akalegeza, karibu limponyoke. Akashika tena. Baada ya dakika mbili nikaona jasho, kisha nikaona macho yake yamefunguka kama ya mtoto.

"Linachoma," alisema.

"Linachoma," dada akakubali. "Legeza. Geuza."

Walifanya hivyo Jumatano na Alhamisi, asubuhi, mpaka saa nne. Mabomba matatu hayakuwa na chuma cha kutosha kurekebishwa, yakafa. Ijumaa binti alipoingiza kipimo kwenye saba yaliyobaki, Kidole hakuingiza kidole chake kwanza. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa bandeji. Alisimama nyuma ya mkewe, akaangalia mshale juu ya bega lake. Ulisimama mara saba.

Kazi wakapewa. Binti aliandika kwenye karatasi yake kwamba mabomba yashikwe kwa mkono, akauliza kwa mkono wa nani, Kidole akamwonyesha wa mkewe.

Jiliwa nililichukua jioni ileile. Nililinunua kwa nusu ya bei niliyomuuzia, na hakubishana, jambo ambalo lilinishtua kuliko mshale. Nikaliuza kwa fundi wa milango. Alipoulizia ubora wake nikamwambia ukweli wote: linabana vizuri sana.