Viti vya Mastula

Mwaka ule bei ya sukari ilipopanda mara mbili mjini Tororo, Serikali ilifanya mambo mawili. Kwanza iliongeza kodi ya kichwa, kisha ikaunda Kamati ya Kuwasaidia Wenye Dhiki. Yaani ilikuvua shati kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikakuonyesha foleni ya kuomba shati.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mke wa afisa mmoja. Wajumbe walikuwa mmisionari na tajiri wa kiwanda cha pamba. Mwafrika alikuwamo mmoja, karani, kwa sababu lazima awepo mtu wa kufanya kazi. Huyo aliitwa Maloba, Msamia wa Busia, kijana wa tai na baiskeli. Alitumwa nyumba kwa nyumba kuhakikisha kwamba maskini ni maskini kweli, maana wakubwa walihofu kuwa watu wataigiza umaskini. Wao wenyewe hawakuwahi kuujaribu hata kwa mzaha.

Mastula hakuwa na haja ya kuigiza. Mumewe, Nasifu, alikuwa dereva wa lori la pamba kati ya Busia na Tororo, na homa ilimchukua akiwa hajaacha kitu ila jina zuri na mtoto mmoja, Swaliki. Mastula alipika mandazi akayauza karibu na msikiti. Sukari ilipopanda aliyapunguza ukubwa, unga ulipopanda akayapunguza tena, hata wateja wakaanza kuuliza kama yanamezwa au yanatafunwa. Sasa kodi ya chumba ilikuwa imemshinda. Mwenye nyumba, Hajji Wahabi, alimpa muda hadi mwezi uandame. Baada ya hapo ingebidi ahamie kwa kaka yake huko Paya, na Swaliki aache shule akapalilie pamba. Ndipo akaenda kwa Maloba kuomba msaada, naye akaambiwa, "Nitakuja kwako Jumanne, nione hali."

Alimweleza jirani yake Habibah, mama yake Hajarah, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mgeni anakuja, Mama Swaliki, na wewe umekaa tu?" Habibah alisema. "Atakaa wapi? Juu ya debe?"

"Anakuja kuona kwamba sina kitu."

"Ulimwambia huna kitu. Hukumwambia huna watu. Unataka mtaa mzima tuonekane washenzi?"

Kabla ya Jumanne adhuhuri, chumba cha Mastula kilikuwa kimegeuka sebule ya mtemi. Okochi, seremala aliyekaa mwisho wa mtaa, alileta viti sita vipya vilivyokuwa vikingoja mnunuzi, bado vinanuka vanishi. Habibah alileta birika, kitambaa cha meza alichotarizi mwenyewe, na vikombe vya maua alivyopewa siku ya harusi. Ekwaro, muuza kuku, alitoa jogoo. Mabati ya paa yaliyotoboka hayakuonekana, maana chini yake Habibah alitundika kanga kama dari. Kanga hiyo ilikuwa nzuri kuliko zote mtaani.

Maloba alifika, akavua kofia, akakaa. Aliletewa maji ya kunawa, kisha chai ya maziwa, kisha jogoo. Firigisi iliwekwa juu kabisa ya sahani, upande wake, kama inavyopaswa kwa mgeni wa kiume. Aliila bila kusita. Kisha alitazama huku na huku.

"Viti hivi vyote ni vyako, mama?"

Mastula alifungua mdomo. Lakini utamwambiaje mgeni kwamba kiti alichokalia ni cha kuazima? Ni sawa na kumwambia kuja kwake kumekutaabisha.

"Karibu chai nyingine, Bwana Karani," akasema.

Karani akakaribia chai nyingine.

Wiki iliyofuata Mastula alikwenda ofisini akitarajia pesa. Maloba hakumtazama usoni.

"Kamati imeona huna dhiki, mama."

"Imeonaje, na haikuja?"

"Mimi nilikuja. Mama, una viti sita. Mimi karani wa Serikali nina viwili, na kimoja mguu umevunjika."

"Vile ni vya Okochi. Vikombe ni vya Mama Hajarah. Jogoo wa Ekwaro ulimla mwenyewe."

"Nilikuuliza. Hukuniambia."

"Wewe Msamia. Mama yako huko Busia akipata mgeni, anamkalisha wapi?"

Maloba alichezea tai yake. "Kwenye viti vya kanisa," alisema polepole. "Tulikuwa tunavibeba kichwani."

"Na mgeni aliambiwa?"

Maloba alifunga faili. Alijua vizuri sana, na ndilo jambo linalonichoma. Wakubwa hawakujua, nao wana udhuru wa ujinga. Huyu alilelewa ndani ya desturi hiyo, kisha akapewa tai, akaanza kutazama nyumba zetu kwa macho ya kukopa. Alisema tu kwamba uamuzi umekwisha pitishwa.

Mastula alirudi akaanza kufunga virago. Habibah alilia, akajilaumu, kisha akailaumu Kamati, na hiyo ilimfaa zaidi. Okochi alikuja kuchukua viti, akasimama mlangoni.

"Niviache kidogo," alisema. "Kwangu mvua inaingia, na mwaka huu nani ana pesa ya kununua kiti?"

Siku tatu kabla ya mwezi kuandama, Maloba alirudi kwa baiskeli, jasho likimtoka, akamkuta Mastula mlangoni pamoja na Okochi na Habibah. Kamati ilikuwa imeandaa karamu ya chai klabuni ili kuwashukuru watu waliochangia fungu la maskini. Wageni walikuwa wengi kuliko viti.

"Mwenyekiti anauliza," alisema, akitazama baiskeli yake, "kama yule mama mwenye viti anaweza kuviazimisha."

Ningekuwa mimi ningevichoma moto mbele ya klabu. Mastula alimtazama Okochi, kisha Habibah.

"Haviazimishwi," alisema. "Vinakodishwa. Pamoja na vikombe."

"Bei gani?"

Alitaja bei. Ilikuwa kodi yake ya chumba, pamoja na fungu la Okochi na la Habibah.

"Mama, hiyo ni nyingi."

"Bwana Karani, wewe ndiye uliyeieleza Kamati kwamba mimi tajiri. Tajiri huuza kwa bei ya tajiri."

Kamati ililipa kutoka katika fungu la maskini. Siku ya karamu mwenyekiti alikalia kiti cha Okochi, akahutubia kwa kirefu kuhusu Waafrika wasiotaka kujitegemea, huku Mastula akingoja kwenye mlango wa jikoni vyombo virudi. Kikombe kimoja kilirudi bila mkono. Alikataa kuondoka mpaka kilipolipwa.

Mwezi ulipoandama, Hajji Wahabi alipokea kodi yake, akakaa kwenye kiti kimojawapo, akakipapasa.

"Mama Swaliki, nina harusi ya binti mwezi ujao. Viti hivi utaniazima, sivyo? Sisi ni majirani."

Mastula alimmiminia chai, akamwekea sukari kijiko kizima.

"Hajji," alisema, "leo umekuja kama mgeni, kaa bure. Ya harusi tutazungumza bei."