Kona Moja Iliyobaki kwa Polyxeni

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Polyxeni Drosou anasimamisha pikipiki mita thelathini kabla ya kona. Mguu wa kushoto uko chini, injini inanguruma, na mkono wa kulia umeng'ang'ania mpini wa mafuta. Hazimi. Hilo peke yake ni jambo jipya, maana kwa wiki tano amekuwa akizima injini hapa hapa, anashuka, halafu anaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka ng'ambo ya kona.

Nyuma yake, ndani ya pikapu iliyopauka rangi ambamo mwandishi wa habari hii naye amepanda, mwalimu wake Pelopidas Rigas ametoa kichwa dirishani.

"Unangoja kona ikufuate?"

"Nyamaza, mzee. Nafikiria."

"Fikiria huku unakwenda, mama. Mimi nina mwanafunzi saa tatu."

Pembeni mwa kona kuna kijumba cha bati, hakizidi ukubwa wa mzinga wa nyuki, kimesimamishwa juu ya mguu wa chuma. Ndani mna picha ya Mtakatifu Nikolaos, taa ya mafuta ya zeituni, na picha ndogo ya mwanamume mwenye masharubu. Huyo ni Manthos, mume wa Polyxeni. Alianguka hapa na pikipiki yake miaka kumi na moja iliyopita, na hapa ndipo alipofia.

Polyxeni ana miaka arobaini na minane. Ni muuguzi msaidizi wa manispaa, na kazi yake ni kuwahudumia wazee tisa wa Ano Platana, kijiji cha mlimani kilichobakiwa na watu ishirini na sita. Anawapima presha, anawachoma sindano za kisukari, anawafunga vidonda. Kwa kuwa hakuna mwingine wa kufanya hivyo, anawakata na kucha. Mshahara wake ni euro mia nane na kumi na mbili kwa mwezi.

Kwa miaka tisa alipandishwa mlimani na dereva. Septemba iliyopita dereva akastaafu, na gari nalo likafa gia. Kilichobaki gerejini kilikuwa pikipiki moja ndogo, nyekundu, ya zamani. Akaambiwa ajifunze kuiendesha kabla ya Pasaka, la sivyo atahamishiwa ofisini kwenye mafaili, na Ano Platana itatembelewa mara moja kwa mwezi. Mgonjwa wa sindano hangojei mwezi.

"Nilicheka," anasema Polyxeni. "Halafu nikaenda chooni nikalia. Mimi nilikuwa nikisikia pikipiki inapita barabarani, nafunga dirisha. Leo niipande? Wacha bwana!"

Aliyempokea ni Pelopidas, mwenye miaka sitini na sita, ambaye amefundisha udereva nusu ya wilaya na kuitukana nusu hiyo hiyo. Siku ya kwanza hakumruhusu hata kugusa ufunguo. Alimpeleka kwenye uwanja wa kinu cha zeituni, akamwambia ailaze pikipiki chini, kisha aiinue.

"Mtu mzima haogopi mwendo," anaeleza mwalimu huyo. "Anaogopa aibu. Anaogopa kuiangusha watu wakimwona. Basi nikamwambia, angusha. Tumeona. Angusha tena. Siku ya tatu alikuwa anaigeuzia mgongo, anachuchumaa, anaiinua huku ananitukana. Nikajua huyu ataendesha."

Wiki mbili ziliisha kwa kusukuma tu. Ikafuata klachi, ikafuata gia ya kwanza, kisha duara kuzunguka mapipa. Polyxeni alijifunza kutazama anakokwenda badala ya kulitazama gurudumu la mbele. Kila alipotazama gurudumu alikwenda chini nalo, na magoti yake bado yana alama.

Mtihani wa kwanza alifeli kabla hata hajaondoka. Injini ilizima mara tatu, mtahini akamwomba kwa adabu aende nyumbani.

Wa pili ndio uliozungumzwa mpaka kwenye mikahawa. Mapipa aliyapita vizuri, breki ya ghafla akaifunga vizuri. Wakamtoa barabarani, mtahini akimfuata kwa gari. Mbele ya kanisa la Mtakatifu Paraskevi mkono wa kulia wa Polyxeni ukaachia usukani wenyewe, ukaenda kwenye paji la uso, ukashuka tumboni, ukaanza safari ya bega. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu hakuifikia, alikuwa tayari ndani ya makreti ya machungwa ya mwuza matunda.

Hakuna mtu wa hapa asiyepiga ishara ya msalaba akipita kanisani. Lakini mkono wa msalaba ndio mkono wa mafuta, na ndio wa breki ya mbele.

"Mtahini naye alikuwa anapiga msalaba ndani ya gari," anasema Pelopidas. "Nilimwona kwa macho yangu. Akamfelisha huku mkono wake mwenyewe bado uko kifuani!"

Kati ya mjini na Ano Platana kuna kilomita kumi na nne na vijumba kumi na kimoja vya ukumbusho wa waliokufa njiani, kikiwamo kile cha Manthos. Polyxeni alikuwa anaviamkia vyote kwa msalaba. Pelopidas alijaribu kumgombeza, akajaribu kumfunga kitambaa mkononi kama ukumbusho, na mwishowe akaenda kugonga mlango wa Padri Neofytos.

Padri alimwita Polyxeni, akamsikiliza, akajikuna ndevu.

"Binti yangu, piga msalaba mmoja kabla ya kuwasha," alimwambia. "Huo unatosha barabara nzima. Unafikiri kuna mtakatifu atakayekununia kwa sababu umeshika breki? Na ukidondoka huko nitalazimika kupanda mimi kukuombea, na goti hili unalijua."

Mwezi Machi alifaulu. Vijumba kumi vya barabara hiyo anavipita sasa mikono ikiwa kwenye usukani. Cha kumi na moja kikamshinda.

"Pale siwezi kupita kama napita kituo cha mafuta," anasema. "Ni mume wangu yule. Nikifika natamani nimguse. Na kona yenyewe ndiyo ile ile. Basi nikasema nitazima, nitashuka, nitasukuma. Dakika saba tu. Nani ataumia?"

Aliyeumia ni mama mkwe wake.

Asimina Drosou, miaka sabini na tisa, ni mama wa Manthos na mmoja wa wale wazee tisa. Nyumba yake ni ya kwanza kijijini, na roshani yake inatazama korongo. Kutoka pale barabara haionekani, ila kila chombo kinachopanda kinasikika.

Tangu Polyxeni aanze kuja na pikipiki, presha ya Asimina ilipanda. Asubuhi kumi na nane, yaani mia moja na themanini kwa kipimo cha kawaida, siku nyingine kumi na tisa. Daktari akaongeza kidonge, akaongeza cha pili. Polyxeni akamnyang'anya bibi chumvi, akamnyang'anya jibini, akamgombeza. Presha ikabaki juu. Jioni, jirani akimpima, ilikuwa imeshuka.

Ijumaa iliyopita alimfunga tena kitambaa cha kipimo mkononi. Kumi na tisa.

"Mama, hii presha yako imekuwaje?"

"Imekuwaje! Wewe ndiye presha yangu!"

Na hapo, Polyxeni anasema, bibi ambaye kwa miaka kumi na moja hakutaka pikipiki itajwe nyumbani mwake akayamwaga yote.

"Siku ile niliisikia ya mwanangu ikiingia kwenye kona," alimwambia. "Nikaweka kahawa yake motoni. Haikutoka. Kahawa ikafurika, ikazima jiko, haikutoka. Na sasa wewe, kila siku ya Mungu, unaingia palepale na unanyamaza. Dakika saba, dakika nane. Nashika ukuta huu. Halafu unakuja, unanifunga kitambaa, unaniuliza presha imepandaje!"

Polyxeni akakifungua kitambaa cha kipimo. Kwa wiki tano alidhani anajihadhari, kumbe kila asubuhi alikuwa anamfia mama mkwe wake masikioni.

"Ama upite," bibi akamaliza, "ama usije na hicho kitu kwangu tena. Heri nikae bila muuguzi."

Jumamosi na Jumapili Polyxeni hakulala vizuri. Leo Jumatatu, kabla ya kuondoka mjini, alipiga msalaba wake mmoja, kisha akamwonyesha mwandishi ufunguo wa pikipiki.

"Nikishindwa leo naurudisha manispaa," alisema. "Siwezi kumtibu mtu kwa mkono huu na kumwua kwa mkono huu."

Ndiyo maana anasimama sasa mita thelathini kabla ya kona, na ndiyo maana hazimi.

"Manthos," anasema kwa sauti, na hata kwenye pikapu tunamsikia. "Leo sishuki. Nitakuja mchana, nikiwa na nafasi."

Anainua mguu. Gia ya kwanza, gia ya pili. Anapita mbele ya kijumba akiwa wima kupita kiasi, mabega yamekakamaa. Gurudumu la nyuma linateleza kidogo kwenye kokoto. Haachii. Kichwa chake kimegeukia kule kona inakoishia, kama alivyofundishwa kwenye mapipa, na pikipiki inakifuata kichwa. Halafu hatumwoni tena. Tunasikia sauti tu, na sauti inaendelea.

Pelopidas anaing'oa pikapu kumfuata, anaondoa mkono kwenye usukani na kupiga msalaba mara tatu. Kioo cha pembeni cha pikapu kinakwaruzana na mwamba.

"Usiandike hilo," anasema huku anajifuta macho.

Tunapofika nyumbani kwa Asimina, pikipiki imeegeshwa chini kwenye bomba la kijiji, maana Polyxeni hajathubutu kuiingiza uani. Yeye mwenyewe amesimama mlangoni na helmeti mkononi. Jikoni kibirika cha kahawa kiko motoni, povu linapanda. Bibi ametupa mgongo. Anakitoa kibirika kwa wakati, bila kumwaga tone, anamimina vikombe viwili, anaweka na kisahani cha tini zilizopikwa kwa sukari.

"Imeingia, ikatoka," anasema bila kugeuka.

"Imetoka, mama."

"Umeteleza."

"Kidogo tu. Umesikia?"

"Mimi nasikia kila kitu. Kaa unywe."

Polyxeni anavuta kiti, anakaa. Anakunywa, analia, anakunywa tena. Kisha anatoa kipimo na kumfunga bibi mkononi. Kumi na nne. Anapima mara ya pili kwa kuwa haamini, na bado ni kumi na nne.

Mpango wake sasa ni wa tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria. Asimina hajashuka konani tangu siku ya mazishi. Ni kilomita tatu, na miguu yake haifiki. Polyxeni anataka kununua helmeti ya pili, ampakie nyuma, waende kuwasha taa ya Manthos pamoja.

"Mimi juu ya kile kitu?" bibi anamaka. "Nikiwa maiti labda! Huyu kupita kona moja tu keshakuwa bingwa. Watu wote watanicheka."

"Watakaokucheka wamebaki ishirini na watano, mama."

Asimina anakusanya vikombe, anavisuuza, anavifunika. Anafuta meza ambayo haina kitu. Halafu anakaa tena kwenye kiti, anafungua fundo la kitambaa cheusi cha kichwani, cha msiba wa mwanawe, ambacho hajakivua mbele ya mgeni kwa miaka kumi na moja, na kukilaza mapajani. Nywele zake ni nyeupe, nyembamba, zimechanwa vizuri.

"Hizo kofia zinauzwa kwa kipimo cha kichwa, au ni moja kwa watu wote?"

"Kwa kipimo, mama."

"Basi pima, unangoja nini?"

Polyxeni hana futi. Anachukua bendeji kwenye begi lake, anaizungusha kichwani mwa mama mkwe wake juu ya masikio, na kutia alama kwa kalamu.