Koti Jekundu la Neema

Jumamosi, saa tatu na dakika saba asubuhi, nililetewa kwenye simu picha ya Neema, mtoto wa Dodoma ambaye familia yetu hapa Tottenham inamfadhili. Alikuwa amevaa koti jekundu la bei. Sikuweza kukaa. Niliikuza picha, nikaitambua nembo, nikatafuta bei, kisha nikaliandikia shirika: "Mtoto huyu hana shida. Sitisheni mchango wangu."

Nikazunguka jikoni, nikamwonyesha mke wangu.

"Baba Asha, si koti la mwanao hilo? Lilipombana tukampelekea Neema."

"Nani alipeleka?"

"Boksi ulifunga wewe. Na orodha uliandika wewe, koti ni namba kumi na moja."

Asha alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Simu ikalia. Shirika limenikubalia: nimeokoa pauni ishirini na nane za mchango wa kila mwezi.