Fungu Haliuzwi

Zamani bahari ilichukua mchanga wetu ikaurudisha. Siku hizi wanaouchukua ni watu, na mtu harudishi.

Dada yangu alikuwa mwoka mikate. Nyumba yake ilipakana na ufuo: mbele duka, katikati chumba cha kulala, nyuma ua wenye tanuri la matofali lililokuwa jeusi mdomoni kama mvuta tumbaku, kisha ukuta mfupi. Nje ya ukuta mchanga, mbele ya mchanga maji. Aliolewa humo, akafiwa na mume humo, akalea wana wawili kwa unga na kuni. Mkubwa tulimwita Bosi, kwa kuwa tangu anatambaa alikuwa akiwaelekeza wenziwe kwa kidole. Mdogo tulimwita Ndiyo-Kaka, na jina linajieleza.

Ule ufuo haukuwa umekaa tu. Miezi ya upepo mkali mawimbi yalikuja marefu, mazito, yakifuatana bila kupumzika, na kila moja likirudi liliondoka na shehena yake. Mchanga ulishuka hadi mawe ya msingi wa ukuta yakaonekana. Mgeni angelia. Dada hakulia, maana alijua ulikokwenda. Ulikuwa haujafika mbali. Ulijirundika pale pale mbele, majini, ukawa mgongo mrefu uliokwenda sambamba na pwani. Maji yakipwa sana ungeuona umetokeza kama ng'ombe aliyejilaza. Hilo ndilo tuliloliita fungu. Wimbi kubwa likifika hapo lilijikwaa, likavunjika, likatufikia limechoka, povu tupu. Mchanga uliotutoka ndio uliotukinga. Upepo ukilegea, mawimbi madogo yaliusukuma tena kuja kwetu, kidogo kidogo, mpaka mawe ya msingi yakafunikwa.

"Umelala tu," dada alikuwa akisema kila mwaka, mikono imejaa unga. "Utaumuka."

Alisema kwa mfano wa kazi yake. Kila alipokanda alibakiza donge moja bakulini, akalifunika kwa kitambaa, liwe chachu ya kesho. Mteja aliyekuta mikate imekwisha aliomba aokewe hata lile.

"Hilo ni fungu," dada alimjibu. "Fungu haliuzwi. Nikikupa hilo leo, kesho utakula maneno yangu?"

Kisha kiharusi kikampiga mbele ya tanuri. Upande mmoja ukafa, na mdomoni yakabaki maneno machache, nayo yamevunjika. Haukupita muda, mkandarasi mmoja akaja na habari za mashine ya kufyonza mchanga majini, kwa ajili ya wajenzi. Aliwaomba wana wa dada ruhusa ya kupitisha bomba uani. Walizungumza dukani, mlango wazi, na dada akasikia yote. Mgeni alipoondoka akawaita. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda.

"Fungu," alisema, jasho likimtoka. "Fungu... msiuze."

Bosi akapiga magoti, akamshika mkono kama mtu anayepigwa picha. "Tumesikia, mama. Hakuna atakayeuza fungu lake. Mimi nachukua mbele, mdogo wangu nyuma, mpaka Mungu atuchukue. Au siyo?"

"Ndiyo, kaka."

Dada akapiga godoro kwa ule mkono mzima. Chozi likamdondoka.

"Ona, amefurahi," Bosi akanong'ona.

"Amefurahi nini?" nikamwambia. "Mama yako hasemi urithi. Anasema lile fungu la majini. Huyo mtu wenu asiliguse."

"Mjomba naye! Mtu anaumwa hivi, atawaza matope? Fungu ni haki ya mtu. Hilo la baharini halina hati wala mwenyewe."

"Likiondoka, wimbi litakufuata mpaka chumbani likuamkie."

"Basi nitalikaribisha kiti." Wakacheka, wote wawili, juu ya kitanda cha mama yao.

Kesho yake walichora mstari wa chaki sakafuni kugawa nyumba, na mwenye nyumba bado anapumua ndani. Nilisikia kinyaa kama niliyeuma mkate nikakuta unywele.

Bomba likapitishwa chini ya dirisha la mgonjwa. Mchana kutwa lilitapika uji wa kijivu: mchanga, matope meusi, kaa wadogo waliosagwa. Uvundo wa yai bovu ukaingia hadi kwenye shuka zake. Malori yalikuja yakaenda. Tanuri likawa pa kutupia makopo ya oili. Bosi alinunua miwani ya jua. Ndiyo-Kaka akanunua ya namna ile ile. Lile bakuli la chachu nililikuta uani, limejaa vichungi vya sigara. Nikaliosha, nikaenda nalo kwangu.

Msimu wa upepo ulipoingia, fungu halikuwepo. Wimbi lilikuja zima, halikujikwaa popote, likajibwaga ukutani kwa nguvu zake zote. Mchanga uliobaki ufuoni ukakokotwa hadi kwenye mashimo yaliyochimbwa, chini kabisa, ambako wimbi dogo haliwezi kuuinua. Upepo ukatulia. Kila asubuhi dada alitaka asogezwe dirishani. Aliangalia mawe, matope, nepi za watoto na chupa za plastiki.

"Uta... umuka?" aliniuliza siku moja.

Nikamfuta mdomo, nikamgeuzia uso upande wa ukuta.

Msimu uliofuata ukuta ulianguka, na tanuri likaufuata. Hapo Bosi akazinduka. Unajua alifanya nini? Alikwenda kununua mchanga wa kujaza viroba vya kuzuia maji. Kununua mchanga! Tena kwa mkandarasi yule yule. Viroba vilipasuka kabla mwezi haujaandama.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa siku niliyokwenda na kigari cha magurudumu kumtoa dada. Niliwakuta wamesimama ndani, viatu kwapani, maji vifundoni. Katikati yao walikuwa wamenyoosha futi ya kupimia. Mstari wa chaki ulikwisha kufutika, na sehemu yote ya nyuma ilikuwa nje, baharini.

"Tugawe upya, kaka. Langu limeliwa."

"Limeliwa na mimi? Kila mtu na lake. Lako limekuwa fungu la kukosa, basi."

"Hapana, kaka."

Maisha yake yote sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Alilipata siku ile, kwa ajili ya kipande cha sakafu mbichi. Alikuwa ameishika ncha ya futi kwa mikono miwili, na Bosi anaivuta.

Nilimpitisha mama yao katikati, ikabidi wainue futi juu ya kichwa chake. Akawatazama, huyu, kisha yule.

"Fungu," alisema.

"Usijali, mama," Bosi akamjibu, jicho likiwa kwenye namba za futi. "Hatujauza."

"Hatujauza, mama," akasema mdogo.

Nikasukuma kigari, tukatoka.