Nyumba Niliyojengewa kwa Siku za Kukopa

"Huyo hata banda la kuku hatalimaliza. Tazameni mikono yake, laini kama ya bibi harusi!"

Mwanangu, Jumapili ile naikumbuka vizuri. Tulikuwa nje ya kanisa kijijini kwetu Akheri, kwenye Mlima Meru, nami nimerudi juzi tu kutoka Kampala na diploma yangu ya ujenzi. Wajomba zangu walisema hayo kwa sauti, wala hawakujali kama nasikia. Niliwaacha waseme. Mfukoni nilikuwa na barua ya kupewa kiwanja mjini Arusha, upande wa Elerai, kwa sharti moja tu: nisipomaliza nyumba ya kudumu kabla ya masika, kiwanja kinarudi kwa ofisi ya serikali iliyokitoa.

Nyumba ya kudumu! Mpaka leo maneno hayo yananichemsha damu. Enzi zile za Waingereza, ofisi ilitupa Waafrika ramani moja kwa wote: chumba kimoja, kidirisha kimoja, mlango unaotazama upepo wa Meru, na jiko humo humo unapolala. Kuta ziwe za matofali ya simenti na paa la bati tupu. Aliyeichora hakuwahi kulala chini ya bati tupu hapa kwetu mwezi wa Julai, linapotoa jasho usiku kucha mpaka blanketi linalowa. Na simenti hiyo ilitoka mbali, kwa bei ya masetla, wakati mlima wote umejaa mawe meusi. Tuliambiwa tuyaruke mawe yetu twende dukani.

Sikukubali. Nilichora yangu: kuta za mawe ya mlimani yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, dari ya matete chini ya bati, jiko pembeni, baraza limeupa upepo mgongo. Nilikuwa wa kwanza darasani kwetu, na sioni sababu ya kulinyamazia jambo hilo. Ofisi ilikaa na ramani yangu mpaka nilipochoka kusubiri, nikachimba msingi.

Mikono ya kujenga nilikuwa nayo. Kwetu, mwenzako wa rika huwezi kumwajiri. Anakupa siku yake, unampikia, na siku akijenga yeye unamrudishia kwa mikono yako mwenyewe. Ukimpa hela umemtukana. Basi vijana wa rika langu wakashuka kutoka mlimani na nyundo zao, pamoja na Mzee Anaeli, mzee wa rika la juu aliyekabidhiwa kutulea. Mke wangu Eliakunda akatupikia loshoro, mahindi na maziwa mgando, sufuria baada ya sufuria.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, akaja bwana afya, mkaguzi wa nyumba za mjini, Mwingereza kijana aliyevaa kaptura, na karani wake wa kumtafsiria.

"Watu hawa unawalipa kiasi gani?"

"Siwalipi," nikasema.

Akawa mwekundu. "Basi unawafanyisha kazi kwa lazima. Simamisha! Hakuna jiwe jingine mpaka ulete kontrakta mwenye leseni."

Leseni hiyo Mwafrika hakupewa, naye alijua. Masika yalikuwa karibu. Nikamsogelea nyundo ikiwa mkononi, na Kiingereza chote nilichofundishwa kikanijaa mdomoni. Mzee Anaeli akanishika mkono.

"Weka chini hiyo nyundo. Unataka kumshinda mdomo, au unataka nyumba?"

"Nataka nyumba, baba."

"Basi nyamaza." Akamgeukia karani. "Mwambie bwana wako, aliyelazimishwa ana ulimi. Amuulize."

Bwana afya akamwonyesha kidole Ndewario, mtani wetu mkubwa, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akipumzika.

"Wewe umelipwa nini?"

"Siku."

"Siku gani?"

"Siku ya huyu hapa. Nikijenga kwangu atakuja kubeba mawe, tena namngoja kwa hamu, maana anapenda sana kuelekeza wenzake."

Rika zima likacheka, na Eliakunda naye.

"Na asipokuja?"

Ndewario akaacha kucheka. "Asipokuja, bwana, nani atamzika?"

Karani alitafsiri polepole. Bwana afya akauliza wa pili, akauliza wa tatu, wote wakajibu hivyo hivyo. Akabaki na ukuta tu wa kutafutia kosa. Akaamuru umwagiwe maji, ndoo kwa ndoo, kisha akachokonoa kiungio cha mawe kwa kisu chake kidogo. Kisu kilikwaruza tu. Akaandika kwamba niendelee, kama jaribio. Jaribio! Jiwe la Meru lilikuwepo kabla ya ofisi yake. Lakini nilinyamaza kama nilivyoagizwa, tukaezeka kabla ya mvua, na kiwanja kikabaki changu.

Sasa wewe umechaguliwa kwenda kusomea kuchora ramani za nyumba, na mimi nina hasira na wenzako waliotangulia. Wanasimamisha kuta za vioo zinazotazama jua la magharibi, halafu wanatafuta mashine ya kuzipoza, katika mji wenye upepo wa mlima wa bure! Usichore nyumba kabla hujajua jua na upepo vinapita wapi, jiwe lipo wapi, na nani atalibeba. Mtu akikudharau, kasirika, una haki. Lakini hasira yako ikamalize ukuta. Na aliyekukopesha siku yake, mrudishie mwenyewe, usimpelekee kibarua.

Mimi nilirudisha. Nilibeba mawe kule Poli, nikabeba kule Lemara, hata nilipokuwa na mafundi wangu wa kutuma. Wa mwisho alikuwa Ndewario, aliyehamia Momela kwenye ukungu na baridi. Jioni nilipoweka jiwe la juu kabisa, aliwaita wote akatangaza, "Huyu sasa hana deni na mtu!" Mzee Anaeli, macho yakiwa yamefifia, akanitemea mate kidogo kiganjani, kama wazee wetu wanavyobariki, akaniombea. Maombi yale nakupa wewe, mwanangu: Mungu akupe watu wa kukujengea, na akupe uhai wa kumrudishia kila mmoja siku yake.