Visanduku Viwili, Majike Watatu

Ndege jike wa kijani alimuua mwenzake mweupe Jumapili asubuhi, mimi nikiwa barazani nakunywa chai. Nilisikia kelele bandani, nikasema moyoni, haya, mechi imeanza. Sikuinuka. Nilipomaliza chai nikamkuta yule mweupe kalala chini, kichwa kimenyofolewa ngozi mpaka mfupa, damu imetapakaa kwenye wavu, na wa kijani kakaa kwenye tundu la kisanduku cha kutagia anapangusa mdomo ubaoni. Nikampenda. Nasema kweli, nilimpenda, maana nilijiona mimi.

Mimi shule niliacha darasa la nne. Nimeponda kokoto chini ya milima ya Uluguru tangu sijaota ndevu, na pale machimboni nafasi nzuri, yenye jiwe laini na kivuli, hukupewa, ulinyang'anya. Yangu niliinyang'anya kwa mtu aliyenizidi miaka na kimo. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe akasema hatoki. Nikamshushia nyundo. Vidole viwili. Sikukaa kumsikiliza akilia. Nilianza kuponda palepale, na damu yake ikaingia kwenye kokoto zangu. Leo nina malori mawili, nina duka la vifaa vya ujenzi, na nyumba yangu ya mawe hakuna ya kuishinda mtaa mzima. Sikusaidiwa na mtu.

Ndege wenyewe ni baji, wale kasuku wadogo wa rangi rangi. Nilinunua jozi tatu kwa mwalimu mmoja wa Mazimbu aliyekuwa anahama, nikatangaza kwa kila mtu kwamba nitaangua makinda kabla mvua hazijaanza. Watu walicheka, maana waliojaribu mtaani kwetu wote walishindwa. Mimi sishindwi. Nilichotaka ni kinda mmoja tu, mzima, wa kuwaonyesha.

Visanduku vya kutagia nilivitaka kwa yule yule wa vidole. Nyundo yangu ilimtoa machimboni, akajifunza useremala kwa mkono wa kushoto, na sasa hakuna fundi wa mbao anayemzidi hapa.

"Majike wangapi, tajiri?"

"Watatu. Nipe visanduku viwili."

Akaweka randa chini. "Mimi nafuga njiwa mwaka wa ngapi huu. Watatu kwa viwili, watauana."

"Ndiyo nataka. Atakayeshinda ndiye mama. Nataka mbegu ya wanaume."

"Mbegu ya wanaume kwa majike!" Akacheka, akaniinulia vile vidole vyake vilivyopinda. "Wewe hujaacha tu?"

"Tengeneza, wewe."

Basi baada ya mweupe kufa, wa kijani hakutosheka. Kwake alikuwa na mayai manne, lakini aliingia kisanduku cha jirani yake wa kijivu akayatoboa ya mwenzake yote, moja moja, ute ukachuruzika mpaka nje. Wa kijivu akabaki kajibanza kona, shingo haina manyoya.

"Baba watoto, huku si kufuga, hii ni vita," mke wangu akasema. "Mtenge huyo muuaji."

Nikamwambia aangalie sufuria zake.

Mayai ya wa kijani yakafika siku zake. Niliweka moja sikioni, nikasikia kinda analia ndani na kugonga. Kutwa nzima anagonga, hatoki, ganda lina ufa mdogo tu. Mimi nikiona jiwe lina ufa sikai kulitazama. Nikapasua kwa ukucha wa dole gumba. Damu. Ule utando wa ndani una mishipa, nami sikujua kwamba damu ya kinda inakuwa bado iko humo mpaka awe tayari kutoka. Akafia kiganjani, mwekundu, kama harage. Nikasema huyo alikuwa dhaifu. Siku mbili baadaye nikapasua la pili. Vilevile. Lilipoanza kulia la tatu nikaingiza mkono, mama yao akaning'ata dole gumba, akang'ang'ania. Nikamkung'uta kwa nguvu zangu zote, akapiga ukuta wa mawe. Hakuinuka.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alikwenda akajaza ndoo, akauosha ukuta.

Mayai yakabaki mawili: moja baridi, limeoza tangu mwanzo, na lile linalolia. Mama hakuna. Nikapanda pikipiki mpaka kwa fundi, dole gumba limefungwa tambara. Akanyoosha mkono juu ya rafu akashusha kisanduku. Kumbe cha tatu alishakitengeneza tangu siku ile.

Tulipofika nyumbani akalowesha unga wa mbao akautandaza ndani ya kisanduku, akaweka yai, akamwingiza jike wa kijivu, akaziba tundu kwa kitambaa. "Kiangazi hiki utando unakauka unakuwa ngozi," alisema. "Sasa ngoja."

Mchana ukapita. Alasiri ile sauti ikapungua. Nikasimama.

"Anakufa humo! Namtoa."

"Kaa."

"Ndege wangu!"

Nikamsukuma, akapiga mgongo kwenye nguzo, akarudi, akanikamata kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kulia, ule ule. Vidole viwili havikunjiki, vilisimama kando kama misumari iliyopinda, lakini vitatu vilivyobaki vilinibana kama jiliwa la kubania mbao karakanani kwake. Nikamtukana matusi ya machimboni. Nikamkaba koo kwa mkono wa pili. Macho yakamtoka, hakuachia.

"Nivunje tena," alisema kwa shida. "Yai huvunji."

Nina nguvu kuliko yeye, hata leo. Ningejinasua. Nilimwachia koo. Tukakaa hivyohivyo, kanishika, wote tunahema, mpaka kisandukuni ikatoka sauti nyingine, kali, ya kiumbe asiye ndani ya ganda tena. Mke wangu ndiye aliyefungua. Kinda alikuwa mzima, uchi, kichwa kikubwa kinatikisika, kipande cha ganda kimemganda mgongoni.

Fundi akauachia mkono wangu. Ulikuwa na alama tatu.

"Nitengenezee visanduku vitatu vingine," nikamwambia.

"Kwani majike umebakiwa na wangapi?"

"Mmoja."

Akacheka mpaka akakohoa, huku kajishika koo.